Bi Futi na Filamu Iliyotaka Miguu Yake Tu

Saa mbili na robo asubuhi, mteja wa kwanza anasimama katikati ya chumba cha ushonaji, amevuta pumzi na kubana tumbo.

“Kiuno ni thelathini na mbili,” anasema mteja. “Andika tu, mama, najijua.”

Mwenye chumba haandiki. Anauvuta utepe wa kupimia uliomning'inia shingoni, anamzungushia mteja kiunoni, kisha anasubiri. Anatazama dirishani kama mtu anayengoja maji yachemke. Baada ya muda mteja anashindwa, anapumua, na tumbo linarudi mahali pake.

“Thelathini na saba,” anasema fundi, na sasa anaandika.

Mtaani wanamwita Bi Futi. Ana umri wa miaka hamsini na sita, na jina hilo amelibeba kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Majirani wanasema haamini kitu mpaka akipime mara mbili. Yeye anasema mara mbili ni za watu anaowajua. Wageni huwapima mara tatu.

Mteja anapogeuka kupimwa mgongo, anamtazama Bi Futi kwenye kioo. “Eti ni kweli wewe ndiye yule bibi wa kwenye filamu?”

Bi Futi anaweka alama kwa chaki. “Nani kakwambia?”

“Watu.”

“Watu gani?”

Mteja anacheka. Bi Futi hacheki.

Hiyo ndiyo tabia yake tangu zamani, lakini walio karibu naye wanasema imezidi tangu filamu ile ije mjini. Filamu yenyewe inamhusu mwanamke aliyeishi hapa miaka mingi kabla Bi Futi hajazaliwa. Alikuwa mfua nguo, na historia inamkumbuka kwa jina la kazi yake tu: Dobi.

Kila mtoto wa mji huu anaijua habari ya Dobi. Gavana wa enzi hizo aliwatoza wafua nguo kodi ya maji. Dobi akawakusanya wenzake, wakagoma kufua sare za askari. Siku kumi na tisa jeshi zima lilinuka. Siku ya ishirini wanawake wakajitwisha mafurushi ya sare chafu, wakaenda nayo mpaka lango la gavana, wakayabwaga pale. Dobi alifungwa miaka saba. Lakini baada ya siku ile utawala haukukaa sawa tena, na kabla hajatoka gerezani gavana alikuwa ameshaondoka.

Kitu ambacho vitabu havisemi, Bi Futi alikisikia kwa bibi yake mzaa mama. Bibi alikuwa msichana wa miaka kumi na tano siku ile, kazi yake kuwatekea maji wakubwa. Alimwona Dobi kwa macho yake.

“Nilipata polio nikiwa na miaka mitatu,” anasema Bi Futi. “Mguu wa kulia ukabaki mfupi kwa inchi mbili na nusu. Watoto wenzangu walikuwa wakiniiga nikipita. Siku moja nimerudi nyumbani nalia, bibi akaniambia, ‘Nyamaza wewe. Dobi alitembea hivyo hivyo. Mguu mmoja unasema twende, mwingine unasema ngoja kidogo. Na alifika.’”

Ipo picha moja tu ya Dobi, nayo amekaa. Kwa hiyo wapo wanaobisha. Kitabu cha shule kimeandika kwamba aliongoza msafara “kwa mwendo wa fahari.” Binti pekee wa Bi Futi, mwalimu wa historia katika shule ya msingi, hulazimika kuifundisha sentensi hiyo kila mwaka.

“Kila nikiisoma darasani namwona mama,” anasema mwalimu huyo. “Nawaambia wanafunzi, fahari ina namna nyingi za kutembea.”

Mwaka jana mabango yalibandikwa ukutani sokoni. Yalisema inatengenezwa filamu ya Dobi, na kwamba wanatafutwa watu wa kila aina: weusi kwa weupe, wazee, wenye ulemavu, wa kila kabila na kila dini, kwa kuwa wafua nguo wa zamani walikuwa hivyo. Kwa herufi kubwa waliandika: NJOO KAMA ULIVYO.

Bi Futi alilisoma bango lile mara mbili.

“Mtu akikwambia njoo kama ulivyo,” anasema, “muulize kwanza utaondokaje.”

Hata hivyo alikwenda, si kuigiza bali kushona. Katika wiki nzuri hushona sare nane za shule, na wiki nzuri siku hizi ni za kuhesabu, kwa kuwa mitumba imewachukua wateja. Kampuni ya filamu ilikuwa inalipa mara nne ya kipato chake cha wiki. Walikodi ghala la zamani la vigae, wakaweka cherehani sita, na kazi ilikuwa ya wiki nane. Bi Futi alikwenda na cherehani yake mwenyewe, ya kukanyaga, ambayo huiendesha kwa mguu wa kushoto. Za watu, anasema, huwezi kujua zimeficha nini.

Siku za mwanzo hazikuwa mbaya. Waigizaji wa kujaza msafara walikuwa zaidi ya mia moja, nao walipita ghalani mmoja mmoja kupimwa. Hapo ndipo alipowajua watatu ambao wamekuwa marafiki zake. Wa kwanza ni fundi redio mwenye umri wa miaka sitini, anayetumia kigari cha magurudumu tangu alipoanguka kutoka juu ya nguzo. Wa pili ni mama muuza mkaa, mzee kuliko wote, mwenye ulimi usio na breki. Wa tatu ni msichana wa miaka ishirini na minne, mfumaji wa vikapu, mwenye ualbino.

“Nilimuuliza anayegawa nguo,” anakumbuka fundi redio, “wafua nguo wa zamani walikuwa na wanaume? Akasema wewe utakuwa mume wa mfua nguo. Nikasema sawa, ndiyo kazi ninayoifanya hata nyumbani.”

Kilichomtia shaka Bi Futi kilikuwa tope.

Msafara ulirekodiwa kwenye barabara iliyomwagiwa maji makusudi, ili ionekane kama ya zamani. Kila jioni nguo zilirudishwa ghalani kukaguliwa na kushonwa palipochanika. Bi Futi alizipokea, akaona za baadhi ya watu zimelowa tope mpaka magotini. Nyingine zilirudi safi kama zilivyotoka. Aliangalia vibandiko vya majina. Aproni ya mama muuza mkaa, safi. Gauni la mfumaji vikapu, safi. Suruali ya fundi redio, safi, na magurudumu yake makavu.

“Siku ya kwanza nikasema labda bahati. Siku ya pili nikasema hapana. Siku ya nne machale yakanicheza,” anasema.

Akamuuliza mama muuza mkaa: “Hivi nyie huwa mnatembea wapi?”

“Kutembea?” akajibu mama yule. “Sisi tumewekwa nyuma ya mkokoteni wa matenga. Tunaambiwa tusubiri. Nimesubiri mpaka nimeota.”

“Na kamera?”

“Kamera iko kule kwa vijana wenye sura zao.”

Ila siku za Ijumaa mambo yaligeuka. Siku hizo alikuja mpiga picha wa magazeti. Ghafla mkokoteni ulisogezwa, na wale watatu wakaitwa mbele kabisa, kigari kikafutwa vumbi, mfumaji vikapu akaambiwa atabasamu. Picha zikapigwa. Mpiga picha akiondoka, wanarudishwa walikotoka.

“Ijumaa watu wa mbele, Jumamosi watu wa matenga,” anasema Bi Futi. “Nikajisemea, kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo hizo nimeshona mimi.”

Hakumwambia mtu. Alichukua daftari la vipimo na kwenye kurasa za mwisho akaanza kuandika kila siku nani karudi na tope na nani karudi bila tope. Daftari hilo analo hadi leo na alimwonyesha mwandishi wa makala haya, ingawa hakuliachia mkononi.

Wiki ya tano msimamizi wa mavazi, mwanamke mpole wa maneno machache, alimletea oda mpya. Gauni kuu la Dobi lilikuwa limeshashonwa mara tatu kwa ajili ya nyota wa filamu, mwigizaji mrefu, mwembamba, ambaye sura yake iko kwenye matangazo ya sabuni nchi nzima. Sasa lilitakiwa la nne.

Bi Futi alisoma vipimo. Urefu ulikuwa umepungua kwa kichwa kizima. Nyonga zilikuwa pana. Pindo la kulia lilitakiwa kupandishwa inchi mbili na nusu.

Alivisoma tena. Kisha akajipima.

“Lilikuwa langu,” anasema. “Kila inchi yangu. Mpaka mabega. Na mimi sijapimwa na mtu tangu mama yangu alipofariki.”

Alimfuata msimamizi wa mavazi kwenye kontena lake.

“Hili gauni la nani?”

“La dabo, mama, mtu wa kusimama badala ya nyota.”

“Dabo ana jina?”

Msimamizi akainama. “Ulivua gauni lako Jumatatu ukavaa lile la kazi. Niliambiwa nilipime. Samahani. Niliambiwa nisikuambie kwanza.”

“Aliyesema nisiambiwe ni nani?”

Jibu lilikuja mwenyewe siku hiyo hiyo, kwa miguu. Mwongozaji wa filamu, mwanamume wa makamo mwenye sauti laini, aliingia ghalani na kiti chake mkononi, akaketi mbele ya cherehani.

Alieleza kwamba watu wengi walikuwa wameandika kulalamika kuwa Dobi alichechemea na filamu inaficha. Kwa hiyo kampuni imekubali. Tatizo ni kwamba nyota amejaribu wiki mbili kuchechemea na bado anaonekana kama mtu aliyeingiwa na kijiwe kiatuni. Sasa wanamwomba Bi Futi atembee yeye. Kamera itachukua miguu tu.

“Miguu tu?” aliuliza Bi Futi.

“Kuanzia magotini kwenda chini. Mama, hii ni heshima kubwa. Wewe ndiye utakayekuwa mwendo wa Dobi. Kila mwanamke mwenye ulemavu atakayetazama atajiona.”

“Atajiona magoti.”

Mwongozaji alicheka kwa adabu. Akasema mama ana ucheshi, ana kipaji, ana hekima ya wazee. Bi Futi anasema alihesabu sifa saba.

“Nilijua navishwa kilemba cha ukoka. Mtu akikusifia saba kwa mkupuo, ya nane inauma.”

Ya nane ilikuwa karatasi. Aliacha mkataba wa ukurasa mmoja juu ya cherehani, akasema msafara mkuu unarekodiwa Alhamisi, na kwamba hakuna haraka, ila kesho mchana.

Bi Futi aliukunja mkataba, akautia kifuani, akaenda nao kwa binti yake. Mwalimu aliusoma mezani huku wali ukipoa. Kifungu cha saba kilisema kampuni inaweza kutumia picha yake yoyote, pamoja na uso, katika matangazo yanayoonyesha kwamba filamu ni ya watu wote. Kifungu cha tisa kilisema jina lake halitatajwa kwenye filamu.

“Mama, umeona?” alisema mwalimu. “Kwenye tangazo una uso. Kwenye filamu huna.”

“Nilijua tu. Yule bwana anauma na kupuliza.”

“Basi kataa.”

Bi Futi aliukunja mkataba, akaukunjua tena. Binti yake anasema hajawahi kumwona mama yake akisita hivyo mbele ya jambo ambalo lilikuwa wazi.

“Nikikataa,” alisema hatimaye, “Dobi atatembea kama tangazo la sabuni. Na wewe utaendelea kusomesha ile sentensi mpaka ustaafu.”

Asubuhi iliyofuata mtu ambaye hakumtarajia aligonga kwenye mlango wa ghala. Alikuwa nyota mwenyewe, bila vipodozi, amevaa kandambili.

“Shikamoo mama. Naomba unifundishe kutembea.”

“Marahaba. Nani kakutuma?”

“Hakuna.”

“Mh.”

Nyota akakaa chini sakafuni, kwenye vipande vya vitambaa. Alisema kwenye karatasi zake za mwanzo hakukuwa na kuchechemea hata mstari mmoja. Kumeongezwa baada ya malalamiko. Alisema anaona aibu, kwamba watu wanamzomea mitandaoni kuwa ameiba nafasi ya mtu mwingine, na hajui aifanye vipi kazi hii vizuri.

“Mwanangu,” Bi Futi alimwambia, “huwezi kujifunza kuchechemea kwa siku tatu. Mimi nimetumia miaka hamsini kujifunza nisichechemee sana.”

Msichana yule alijikung'uta vipande vya vitambaa. Alipoinuka kuondoka alisema kwa sauti ya chini: “Ukienda kuongea na mwongozaji, usiende peke yako. Na usikubali ya mdomo. Dai maandishi.”

Bi Futi aliipokea nasaha ile kama anavyopokea kitambaa kutoka duka asilolijua. Aliigeuza huku na huku. Kwa nini nyota amsaidie? Labda anataka mkataba uvunjike ili asifichwe miguu. Labda ametumwa kumchunguza. “Mpaka leo sijui alikuwa upande gani,” anasema. “Ila maneno yake yalikuwa na mshono mzuri. Nikayavaa.”

Mchana ule alikwenda kwa mwongozaji akiwa na binti yake na daftari lake. Alifungua kurasa za mwisho, akamsomea. Tarehe, jina, tope. Tarehe, jina, bila tope. Mwongozaji akaruka kimanga, akasema mambo ya kamera ni ya kitaalamu. Bi Futi akasoma ukurasa wa pili. Mwongozaji akaacha kutabasamu.

Masharti yake yalikuwa matatu. Atatembea, lakini si magoti tu. Dobi alitoka gerezani mtu mzima, amezeeshwa na kifungo. Basi siku ya kutoka aonekane mzima mzima, na acheze yeye. Jina lake liandikwe, lake na la baba yake. Na wale wa nyuma ya matenga watembee mbele, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Akamsimulia jambo lingine la bibi yake. Msafara ulipokaribia lango, askari alipaza sauti, “Simama!” Wanawake wakasita, hata Dobi. Lakini palikuwa na mfua nguo mmoja kiziwi. Hakusikia amri. Akampita askari na furushi lake kichwani, hana hili wala lile. Wengine walipoona hajapigwa risasi, wakamfuata.

“Mwongozaji alisisimka,” anasema mwalimu. “Alisema hiyo ni dhahabu. Akaiandika palepale.”

Masharti yaliandikwa pia, kwa mkono, sahihi nne: ya Bi Futi, ya binti yake, ya mwongozaji, na ya msimamizi wa mavazi aliyeitwa kushuhudia. Mwalimu alipiga picha karatasi kwa simu yake kabla wino haujakauka.

Alhamisi ilifika. Bi Futi alitembea kwenye tope, kamera ikimfuata kwa chini kama paka. Halafu Jumamosi akamcheza Dobi wa kutoka gerezani. Walimpaka mvi za ziada, wakamfungulia lango la chuma, wakamwambia atoke, asimame, alitazame jua.

Alitoka. Akasimama. Kisha, badala ya kutazama jua, akamgeukia mpiga kamera.

“Hiyo inawaka?”

“Inawaka, mama.”

“Mbona sioni taa nyekundu?”

“Hii haina taa, mama.”

“Kamera gani haina taa?”

Ilibidi warudie mara tano. Mara mbili kati ya hizo zilikuwa kwa sababu yake, anakiri. Mara ya tano alimkumbuka bibi, akasahau kamera, na watu waliokuwepo wanasema palikuwa kimya hata baada ya kuambiwa basi.

Miezi saba baadaye, wafanyakazi wote walialikwa kutazama filamu kabla ya umma, Jumapili alasiri. Fundi redio alikuja na mke wake na wanawe wawili. Mama muuza mkaa alivaa vitenge vipya. Bi Futi alikuja na saa ya mkononi ya binti yake.

Miguu yake ilionekana mara nne. Na baada ya saa moja na dakika arobaini, lango la chuma likafunguka, akatoka yeye, mzima mzima, uso umejaa ukuta wote. Alihesabu. Sekunde kumi na moja. Mwishoni, majina yalipopanda, jina lake lilikuwemo, lake na la baba yake. Binti yake alipiga kigelegele ukumbi ukageuka.

Lakini Bi Futi hakuwa anatazama ukuta tena. Alikuwa anamtazama fundi redio.

Katika msafara wote, kigari hakikuonekana. Mfumaji vikapu alipita kama kivuli kwa kitambo cha kupepesa jicho. Mama muuza mkaa, hata kanga yake haikuwepo. Na pale langoni, askari alipopaza sauti, aliyempita bila kusimama hakuwa kiziwi yeyote. Alikuwa nyota, masikio yake mazima.

Nje ya ukumbi lilibandikwa bango la filamu. Walikuwepo wote watatu, mbele kabisa, wanatabasamu. Picha ya Ijumaa.

“Fundi redio akanishika mkono,” anasema Bi Futi. “Akaniambia, ‘Hongera, Bi Futi, umependeza.’ Bila kinyongo. Wanawe wakauliza, ‘Baba, wewe uko wapi?’ Akasema, ‘Nipo kwenye bango.’ Hapo ndipo nilipoelewa. Yule bwana alinipa mimi sekunde zangu ili niwanyamazie wale. Nilipima kila kitu, nikasahau kupima hilo.”

Karatasi yenye sahihi nne ilikuwa na neno moja ambalo hakuna aliyelitilia maanani. Ilisema wale wa nyuma “watatembea mbele.” Kweli walitembezwa mbele, Alhamisi ile, na nguo zao zilirudi na tope. Haikusema wataonekana.

Mwandishi wa makala haya aliiuliza kampuni ya filamu. Msemaji wake alijibu kwa ujumbe mfupi kwamba filamu “inajivunia kuwa ya watu wote.” Alipoulizwa watu wote wanaonekana dakika ya ngapi, hakujibu.

Wiki mbili Bi Futi hakumpigia simu mtu. Wiki ya tatu aliwaita wale watatu chumbani kwake, akawakalisha palipo na nafasi, akawaambia ukweli: kwamba aliona, kwamba aliona haya, na kwamba ana wazo.

Wazo lenyewe ni igizo. Mwalimu mkuu wa shule anayofundisha binti yake ametoa ukumbi kwa saa moja, Ijumaa ya wiki ijayo, mbele ya wanafunzi mia tatu na wazazi watakaopenda. Wataonyesha siku ya mafurushi kama bibi alivyoisimulia. Kiziwi atachezwa na mshona viatu wa mtaa wa pili, ambaye ni kiziwi kweli. Fundi redio atakuwa gavana. Ameomba mwenyewe, anasema amechoka kuwa mume wa mtu.

Ugomvi ulizuka juu ya Dobi. Wote walidhani atacheza Bi Futi. Yeye akakataa, akasema Dobi siku ile alikuwa na miaka ishirini na sita, na akamnyooshea kidole mfumaji vikapu.

Mama muuza mkaa hakumeza maneno. “Huyu? Dobi alikuwa mweusi kama mkaa wangu! Wewe si ndiye uliyelalamika yule wa sabuni hafanani naye?”

Mfumaji vikapu alitazama chini. Bi Futi mwenyewe anasema swali lile lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa la haki.

“Siku mbili nilijishuku,” anasema. “Nikajiuliza, na mimi nimekuwa mwongozaji? Halafu nikaona. Yule binti wa sabuni hakunikera kwa kutofanana. Kilichonikera ni kufichwa kwa anayefanana. Mtu acheze asichokuwa, ni kazi yake, ndiyo uigizaji. Ila aseme.”

Kwa hiyo igizo litaanza hivi: kabla ya lolote, Dobi atasimama mbele ya watu na kueleza Dobi wa kweli alikuwa mtu wa namna gani.

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, walifanya mazoezi. Cherehani ilisukumwa ukutani. Fundi redio alikaa mlangoni akiwa gavana, mama muuza mkaa alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, bado hajakubali sawasawa. Mfumaji vikapu alisimama katikati na furushi la mabaki ya vitambaa kichwani.

“Nichechemee?” aliuliza.

“Usiguse mguu wangu,” alisema Bi Futi. “Tembea wako. Anza.”

Msichana akaliweka furushi sawa.

“Dobi alikuwa mweusi,” alisema kwa sauti ndogo. “Alikuwa mfupi. Alichechemea mguu wa kulia. Mimi siye. Lakini leo nabeba furushi lake.”

Mama muuza mkaa alijipangusa uso kwa ncha ya kanga, akasema ni vumbi la vitambaa. Bi Futi alimtazama, ni dhahiri hakumwamini, kisha akamgeukia msichana.

“Tena,” alisema. “Na safari hii paza sauti. Ukumbi ule ni mrefu, na wa nyuma nao wamekuja kusikia.”